Pumba nyeupe, mkaa mweusi: taka za shamba zinavyoweza kulinda plastiki ya povu Kigoma na Tabora

Kuna dai linalopendwa kwenye semina za ubunifu: chukua pumba za mpunga za Igunga au maganda ya mise (kokwa za chikichi) ya Kigoma, saga, changanya kwenye plastiki ya povu, na povu litahimili jua na mvua. Dai lina ukweli, ila ukweli wenyewe haupo pale wengi wanapoutafuta. Taka ya shamba ikiingizwa kwenye povu ilivyo, mara nyingi inaliharibu mapema zaidi. Ikichomwa ikawa mkaa, ikasagwa laini kupita unga wowote wa mashineni, kisha ikapakwa juu ya povu badala ya kuchanganywa ndani, hapo inafanya kazi. Tofauti ya njia hizi mbili ndiyo inayoamua kama mradi utaishi au utakufa kwenye maonyesho ya Nane Nane.

Plastiki ya povu tunayokutana nayo huku ni ya namna tatu. Ipo sponji ya magodoro, makochi na siti za bodaboda, ambayo ni poliurethani laini yenye vitundu vilivyo wazi. Lipo povu gumu la manjano linalojaa kwenye kuta za majokofu na kuzunguka matangi ya maji moto ya sola, poliurethani vilevile lakini vitundu vyake vimefungwa. Na ipo ile nyeupe ya punje inayofungashia runinga na kutengenezea makasha ya samaki, yaani polistairini. Hali ya hewa inazila zote tatu.

Kigoma na Tabora zipo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na Tabora iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi ina miezi ya Juni hadi Septemba yenye anga kavu isiyo na wingu. Mionzi ya urujuanimno inayofika ardhini ina mawimbi ya nanomita 290 hadi 400 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Poliurethani hutokana na kemikali mbili zinazoungana, isosianeti na polioli. Kwenye ile ya kawaida mionzi inashambulia pete za kaboni zilizotokana na isosianeti, ndiyo maana sponji iliyoachwa juani hugeuka manjano ndani ya siku chache, kisha kahawia. Minyororo ya polioli nayo hukatwa na oksijeni, uso ukawa unga. Polistairini hupitia njia hiyohiyo: inakuwa manjano, inatoa vumbi, mvua inaosha vumbi, na tabaka jipya linakabidhiwa jua.

Jambo la kukazia hapa ni kwamba uharibifu huo wa jua ni wa ngozi tu. Mwanga hauzami. Katika kitalu chenye unene wa sentimita 10, nusu milimita ya juu ni sehemu 1 kati ya 200. Anayechanganya kinga kwenye kitalu kizima anaweka sehemu 199 mahali ambapo mwanga hautafika kamwe, halafu analipa gharama ya kulidhoofisha povu lote.

Tuangalie taka zenyewe zina nini. Pumba ni karibu asilimia 20 ya uzito wa mpunga, na zikichomwa huacha majivu ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Majivu hayo ni silika kwa asilimia 85 hadi 95. Kutoka hapo watu wanaruka moja kwa moja hadi kwenye kauli kwamba silika inazuia jua. Haizuii. Silika inapitisha urujuanimno. Hata mirija ya taa za maabara zinazotoa mionzi hiyo hutengenezwa kwa kioo cha silika kwa sababu hiyohiyo. Ikiwa ndani ya rangi, wala haitawanyi mwanga, maana kiwango chake cha kupinda mwanga ni 1.46 na cha gundi ya akriliki ni 1.49 hivi, kwa hiyo mwanga unapita kana kwamba chembe hazipo. Unga wa titani, ule unaoifanya rangi nzuri kuwa nyeupe na ghali, una 2.7. Kwa maneno mengine, majivu meupe safi ambayo wengi wanayasifu kwa ubora hayana kazi mbele ya jua. Yenye kazi ni yale ya kijivucheusi, yaliyoungua nusu, kwa sababu ya kaboni iliyobaki ndani. Silika inaweza kuongeza ugumu wa koti na kulifanya lisichunike upesi; kwa kazi hiyo iheshimiwe, si kwa nyingine.

Majivu ya kuokota kwenye matanuri ya tofali yana hatari yake pia. Pumba zikiungua kwa muda mrefu juu ya nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi, silika hubadilika kuwa fuwele, na vumbi la fuwele hizo huacha makovu ya kudumu kwenye mapafu. Majivu ya tanuri yasisagwe makavu, uwe na barakoa au huna.

Kaboni ndiyo mkinga jua wa kweli, na ushahidi upo kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi: roli za mabomba meusi ya maji ya poliethilini. Weusi ule ni masizi ya kiwandani, asilimia 2 hadi 2.5 tu ya uzito, na ndio unaoliwezesha bomba kukaa juani miaka. Mkaa wa maganda ya mise ni kaboni pia, kwa hiyo kimsingi unaweza kufanya kazi hiyo. Kikwazo ni ukubwa wa chembe. Chembe za masizi ya kiwandani zina nanomita 20 na kitu. Mkaa uliosagwa kwenye kinu cha kawaida una chembe kubwa mara maelfu.

Hesabu yake haihitaji maabara. Gramu 1 ya mkaa wenye chembe za maikromita 5 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) inatupa kivuli cha karibu mita za mraba 0.2. Gramu 1 ya mkaa wa maikromita 75, ukubwa unaopita kwenye chekecheo laini sana la maabara ya udongo, inatupa kivuli cha 0.013. Ukitaka asilimia 5 tu ya mwanga ipenye, na chembe zimetawanyika ovyo kama zinavyotawanyika kwenye rangi, unahitaji kivuli mara tatu ya eneo. Hiyo ni gramu 15 kwa mita ya mraba kwa mkaa laini, na gramu 225 kwa mkaa wa chembe kubwa. Koti mbili za rangi ya maji zikikauka huacha gramu 100 hivi kwa mita ya mraba. Gramu 15 zinaingia humo bila shida. 225 haziingii hata kwa kulazimisha. Wengi waliojaribu mkaa na kuona "haufanyi kazi" waliishia kwenye chekecheo.

Lignini, gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mmea, ni njia ya tatu. Ganda la mise lina lignini karibu nusu ya uzito wake, nayo hufyonza urujuanimno na kupunguza kasi ya oksijeni. Kuitoa kunataka kuchemsha kwenye soda kali, kuchuja, kisha kushusha kwa asidi hadi pH ya 2 au 3. Ukitumia pumba, silika nayo inayeyuka kwenye soda na kugeuka rojo la kuziba chujio wakati pH inashuka, kabla lignini haijatoka. Na maji meusi yanayobaki hayana pa kwenda. Kuyamwaga Luiche ni kuyapeleka kwenye mashamba ya mpunga ya Ujiji na ziwani. Kwa karakana ndogo, njia hii iachwe.

Sasa tuje kwenye kosa kubwa zaidi, la kumwaga pumba kwenye sponji. Tatizo ni maji. Chukua mchanganyiko wa kawaida wa sponji ya godoro: polioli sehemu 100 yenye namba ya hidroksili 56 (kipimo cha ncha zake zinazoungana na isosianeti), maji sehemu 4, isosianeti ya aina ya TDI karibu sehemu 50, na silikoni pamoja na vichocheo kidogo. Hapo fahirisi ni 105, yaani TDI imezidi mahitaji kwa asilimia 5. Ongeza sehemu 10 za pumba zilizoanikwa juani vizuri tu, zenye unyevu wa asilimia 10. Umeshaingiza sehemu 1 ya maji ambayo haipo kwenye daftari. Gramu 1 ya maji inakula gramu 9.7 za TDI, kwa hiyo fahirisi inaporomoka kutoka 105 hadi 87. Povu linaumuka, linapasuka katikati, na kinachobaki ni sponji dhaifu: ukiikandamiza inachelewa kurudi, ikirudi haifiki ilipokuwa.

Ukifidia kwa kuongeza TDI, unaongeza moto. Maji yakifika sehemu 5, kiini cha kitalu kikubwa kinaweza kupita nyuzi 170. Kinaungua kahawia, na vitalu vya namna hiyo vimewahi kuwasha maghala baada ya saa kadhaa vikiwa vimepangwa. Dawa ni kukausha kwa nyuzi 105 usiku kucha, kufunga kwenye pipa lenye mfuniko wa mpira wakati pumba bado zina moto, na kuzitumia siku hiyohiyo. Pumba kavu zikiachwa wazi kwa Kigoma ya Novemba zinarudisha unyevu kabla ya jioni. Na bado kuna suala la chembe kutoboa kuta za vitundu kabla povu halijashika. Mvuke wa TDI, kwa yeyote anayefikiria kujaribu uani, unaweza kuleta pumu ya kudumu. Si kazi ya uani.

Potasi inatajwa mara chache, na ndiyo inayowachanganya wanaojaribu mikungu ya chikichi iliyopukuchuliwa na mashina ya tumbaku. Majivu ya mikungu yana potasi tele, ndiyo maana yanafaa kwa sabuni. Chumvi za potasi ni vichocheo vinavyotumika makusudi viwandani kuziunganisha isosianeti zenyewe kwa zenyewe katika povu gumu. Zikiingia bila mpango, povu linashika mapema, kabla halijajaza kalibu, na linakuwa la kuvunjikavunjika. Mashina ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, ambayo mkulima anatakiwa kuyang'oa baada ya mavuno ili yasihifadhi wadudu na magonjwa, yana shida hiyohiyo. Mkaa wake uoshwe kwa maji mara tatu au nne hadi maji ya mwisho yasiteleze vidoleni. Majivu ya mabani ya kukaushia tumbaku hayafai kabisa: ni ya kuni, yamejaa chokaa na potasi, kaboni kidogo.

Kwa sababu hizo, siti ya bodaboda ambayo kila mtu anaitaja kwanza ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuanzia. Sponji ya siti imefunikwa kwa ngozi, jua haliioni. Kinachoiua ni maji yanayoingia kwenye mishono, joto la ngozi nyeusi ya juu, na uzito wa abiria. Pumba ndani yake zinashika maji, zinaota ukungu, na kuichelewesha kukauka. Fundi wa siti mwenye nia njema afunge sponji kwa nailoni nzito kabla ya kuvisha ngozi, mishono aishushe pembeni badala ya juu, na atoboe tundu mbili za kutolea maji kwenye bati la chini.

Mahali pa kuanzia ni kasha la samaki. Migebuka na sangara wa Kigoma wanasafiri kwenye barafu, na makasha ya polistairini yanakaa mwaloni juani, yanapakuliwa, yanakwaruzwa, yanarudi. Punje zimeshaumuliwa kiwandani, hakuna cha kuchanganya ndani. Kinachowezekana ni koti. Lakini koti jeusi peke yake ni balaa. Uso mweusi juani unaweza kufika nyuzi 70 hadi 80, na polistairini huanza kulegea karibu na 80. Barafu ya ndani nayo inayeyuka haraka. Kwa hiyo koti ni za namna mbili: nyeusi chini ya kuzuia mionzi, nyeupe juu ya kurudisha joto. Rangi nyeupe ya bei nafuu ina chokaa nyingi na titani kidogo, haitoshi kuzuia mionzi peke yake, lakini juu ya koti jeusi inatosha kwa joto. Ikichakaa, weusi unaanza kuchungulia, na hiyo ni ishara ya kupaka upya kabla povu halijaguswa. Mwenye uwezo wa kununua rangi ya nje yenye titani ya kutosha hana haja na mkaa, na ni vizuri aambiwe hivyo.

Maganda ya mise yajazwe kwenye pipa la lita 200 lenye matundu machache chini, yawashwe juu, na moshi ukibadilika kutoka mweupe kuwa mwembamba wa bluu pipa lifunikwe na kuzibwa kwa udongo. Joto la nyuzi 400 hadi 600 linatosha, na karibu theluthi moja ya uzito hubaki mkaa. Osha, vunja, saga. Kinu cha mipira ya chuma ndicho kinachofaa. Mashine ya kusaga nafaka inaishia kwenye chembe kubwa na itachafua unga wa watu.

Kupata chembe za maikromita 5 kwa chekecheo haiwezekani, lakini ndoo inaweza. Chemsha unga wa mkaa kwenye maji yenye tone la sabuni ya maji, ili hewa itoke kwenye vinyweleo, la sivyo mkaa utaelea. Mimina kwenye ndoo, koroga, acha itulie kwa saa tatu na nusu hadi nne. Chembe zote zinazozidi maikromita 5 zitakuwa zimeshuka chini ya sentimita 10 za kwanza. Nyonya sentimita hizo 10 kwa mpira mwembamba bila kutikisa; hayo maji meusi ndiyo mali. Kilichobaki chini kirudi kinuni. Yaache maji meusi siku kadhaa kwenye beseni pana hadi yawe uji. Usitumie shabu kuharakisha: alumini ya shabu inaifanya rangi ya maji igande kama mtindi mara tu unapochanganya, na hakuna kukoroga kutakakoirudisha.

Kwa kuwa rangi yenyewe ni ya maji, uji huo hauhitaji kukaushwa. Kausha kijiko kimoja tu na kukipima, ili ujue uji una mkaa kiasi gani. Weka gramu 100 za mkaa, kwa uzito mkavu, kwa kila kilo 1 ya rangi. Kasha la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 lina eneo la nje la mita za mraba 1.28, hivyo linahitaji gramu 19 hivi za mkaa. Osha kasha kwa sabuni kuondoa mafuta ya samaki, likauke, likwaruze kwa msasa laini, paka koti mbili nyembamba nyeusi na mbili nyeupe, nje tu. Ndani, panapogusa samaki, pasipakwe kitu. Rangi ya mafuta, thina na petroli zikae mbali: zinaiyeyusha polistairini papo hapo, na kasha linabaki na mashimo.

Povu gumu la kuzunguka matangi na mabomba ya sola linastahimili weusi, kwa sababu halilegei kwa joto hilo. Hapo koti jeusi peke yake linatosha. Anayetaka kuuingiza mkaa kwenye povu lenyewe asizidishe sehemu 2 au 3 kwa 100 za polioli, uwe umekauka, na uwekwe upande wa polioli. Upande wa isosianeti unyevu wowote unaanza kufanya kazi ndani ya pipa.

Kujua kama koti linafaa hakuhitaji kungoja kasha lichakae. Kata vipande vya sentimita 10 kwa 10 kwa 5, vingine vyenye koti na vingine bila, kila kimoja kifunikwe nusu kwa karatasi ya alumini, uviweke juu ya paa vikitazama kaskazini kwa mwinuko mdogo. Kwa Tabora, seti ya Juni itakutana na jua bila mvua na seti ya Desemba itakutana na vyote viwili, hivyo utajua kipi kimefanya nini. Mizani haitakusaidia sana: kipande cha polistairini cha ukubwa huo kina gramu 7 au 8, na kikipoteza sehemu ya kumi ya milimita kwenye nusu iliyo wazi, ni gramu 0.0075 hivi zimetoka. Pima kwa vernia (rula ya kupimia sehemu za milimita) tofauti ya kimo kati ya nusu iliyofunikwa na iliyo wazi, na ufute kila nusu kwa kitambaa cheusi uone unga. Maabara hufanya hivyo kwa taa za nanomita 340, saa 8 kwa nyuzi 60, kisha saa 4 za umande kwa nyuzi 50, mzunguko baada ya mzunguko.

Upande wa biashara una mtego. Sponji huuzwa kwa kutaja uzito wake, na kijazio chochote, iwe chokaa au pumba, kinaongeza kilo bila kuongeza nguvu. Sponji yenye pumba itaonekana "nzito" dukani na kutitia mapema chumbani. Neno "rafiki wa mazingira" kwenye lebo lisiachwe lifunike hilo. Kipimo cha haki ni kuikandamiza hadi nusu ya unene kwa saa 22 na kuona imerudi kiasi gani.

Malighafi nayo itabadilika. Chikichi za asili za Kigoma ni za aina ya Dura, zenye ganda la milimita 2 hadi 8. Mbegu ya Tenera, ambayo kituo cha TARI Kihinga kinaizalisha na kuisambaza kwa sababu ya mafuta yake mengi, ina ganda la milimita 0.5 hadi 4. Kadiri mashamba yanavyogeuzwa, maganda kwa kila gunia yatapungua, na yaliyopo yana wateja wengine wanaoyataka kwa kuni. Kwa makasha ya mwaloni hilo si tishio: kilo 1 ya mkaa laini inapaka makasha zaidi ya 50. Kinachokwamisha si maganda. Ni kinu cha mipira, na mtu wa kukaa na ndoo saa nne.